Kupanda Kibumba

Barabara ya Taifa namba 2 inapotoka Goma kuelekea Rutshuru haimpi mtu pa kupumzikia. Ukishauacha uwanja wa ndege na kupita Munigi unaanza kupanda, na unaendelea kupanda kupitia Kanyaruchinya na Kibati mpaka Kibumba, kilomita 20 na ushee, volkano ya Nyiragongo ikiwa mkono wako wa kushoto muda wote, na Mikeno na Karisimbi zikijitokeza upande wa kulia mawingu yanapokubali. Wengi huipanda kwa pikipiki au kwa basi dogo lililoshindiliwa. Sisi tuliipanda kwa miguu. Ilikuwa Septemba 2021, wiki za mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na nilikuwa nimefuatana na kikosi cha skauti cha parokia moja ya Goma: vijana thelathini hivi, wavulana kwa wasichana, kaki mwilini na fulari shingoni, wanaokwenda kupiga kambi Kibumba na kupanda miti.

Mizigo tuliipakia kwenye chukudu. Msomaji ambaye hajawahi kufika Goma aifikirie hivi: ubao mrefu wa mti mgumu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi, na usukani uliochomoza pande mbili kama pembe za ng'ombe. Kila asubuhi chukudu huteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, kabichi, karoti na makala, yaani makaa, mwendeshaji amepiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisubiri karibu na kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Akikikanyaga, hiyo ndiyo breki. Kuteremka ni mbio. Kupanda ni kusukuma, na kusukuma chukudu yenye shehena kutoka Goma mpaka Kibumba ni kazi ya mtu aliyezaliwa na mapafu mawili ya ziada. Mjini Goma pana sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu, iliyowekwa mwaka 2009. Nimeona sanamu nyingi za wakubwa katika miji ya kanda hii, na hakuna hata moja ninayoona inastahili mahali pake kuliko ile.

Yaya, ndivyo vijana wanavyomwita kiongozi wao, mwanamke wa makamo anayefundisha shule ya msingi, alikuwa ameweka sharti moja kuhusu chukudu. Wenye vyombo wamelipwa, sawa, lakini hakuna skauti atakayetembea mikono mitupu huku mtu mwingine akisukuma. Kwa hiyo kila doria, kikundi kidogo ndani ya kikosi, ilishika zamu, wawili nyuma na wawili ubavuni, na miche ya mgrevilea na mikaratusi ikapanda mlima ikiwa imefunikwa magunia yaliyolowekwa maji. Kila tulipopumzika, msichana mdogo kuliko wote kikosini alikuwa akifunua gunia, anatia kidole kwenye udongo wa mche mmoja, anafunika tena.

Tulipofika juu ya Kanyaruchinya barabara ilibadilika rangi. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei mwaka ule Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikaikata barabara hii, ikameza nyumba kwa maelfu, ikaja kusimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Watu 30 hivi walipoteza maisha. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka mchana na usiku, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kata 10 kati ya 18 za Goma zihame mara moja, na mji ukamwagika kuelekea Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Gisenyi. Tulipopita sisi njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa juu ya mwamba mpya, mweusi, unaokwaruza viatu. Pembeni mabati yaliyojikunja yalichomoza kwenye jiwe. Kijana mmoja wa doria ya Tembo alitoka mstarini, akasimama ukingoni akitazama kule chini Buhene, kisha akarudi akashika zamu yake ya chukudu kabla haijafika. Kwao kulikuwa huko.

Lava ile iliharibu pia tangi kuu la Buhene, lenye uwezo wa mita za ujazo 5,000, na karibu watu nusu milioni mjini wakabaki bila maji ya bomba. Hapo ndipo wengi wa vijana hawa walipoanza kazi ya skauti kwa dhati. Doria zilitawanyika kila moja ilikokimbilia na familia zake. Wenyewe walinieleza njiani jinsi walivyosimamia foleni za bidoni: wazee na wajawazito mbele, mtoto mdogo asisukumwe, bidoni isiyo na mwenyewe iwekwe kando mpaka mwenyewe arudi. Unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mtu aliyewahi kuona ngumi zikirushwa kwenye bomba moja linalohudumia mtaa mzima hatadhani hivyo.

Safari ya namna hii haianzi siku ya kufunga mabegi. Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei, na tarehe 22 Februari, kwenye barabara hii hii, karibu na Kibumba, msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulishambuliwa: balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo wakauawa. Mzazi gani angemruhusu mwanawe kwenda kulala huko? Yaya alikwenda nyumba kwa nyumba, akaketi, akanywa chai, akasikiliza. Alipeleka barua kwenye ofisi za teritware ya Nyiragongo na kwenye usultani wa Bukumu, akampigia simu chifu wa Kibumba, akapata jibu la maandishi. Masharti yalikuwa mengi na aliyataka yawe mengi: kulala ndani ya uwanja wa shule, si porini, saa kumi na moja jioni kila mtu awe ndani ya lango, hakuna mguu utakaovuka mpaka wa Hifadhi ya Virunga, na chuma chochote kitakachoonekana shambani kisiguswe, aitwe mtu mzima. Kibumba ilikuwa mstari wa mbele katika vita vya waasi wa M23 vya 2012 na 2013, mpaka jeshi lilipoirudisha Oktoba 2013, na vita vikihama huacha vitu vyake ardhini. Wazazi kadhaa walikataa. Hakuwabembeleza.

Baridi ilitupokea kabla ya watu. Ukitoka Goma, ambako mtu anaweza kukaa barazani kwa fulana hadi usiku, Kibumba inakutaka sweta saa tisa mchana. Mawingu yanashuka hadi usawa wa migomba michache iliyopo, na chini yake ni mashamba: kabichi, viazi, vitunguu, karoti, maharagwe yaliyopanda juu ya fito, yote kwenye udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu uliogawanywa kwa kuta fupi za mawe ya volkano. Soko la Virunga la Goma linakula kutoka hapa. Kitu kimoja tu hakipo. Ardhi hii ni ya mawe yenye matundu. Mvua ikinyesha, na hunyesha sana, maji hupenya moja kwa moja yasitoke tena. Hakuna kijito. Kwa vizazi watu wa hapa wameishi kwa maji ya paa na kwa maji yanayobebwa kutoka mbali.

Wazee watatu na akina mama walikuwa wametungoja uwanjani mwa shule. Skauti wote duniani husalimiana kwa mkono wa kushoto, na vijana hawa wanajivunia salamu yao. Lakini kumpa mzee wa Kibumba mkono wa kushoto ni kumtukana, kwa hiyo walipewa agizo njiani: ninyi kwa ninyi, kushoto, kwa wenyeji, kulia, na mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia, goti likunjwe kidogo. Walipita mstari mzima hivyo, mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa amekunja uso tangu tuingie alianza kuwauliza majina ya baba zao.

Kisha Yaya akafanya jambo ambalo sikulitarajia baada ya kupandisha miche mlima mzima. Hakusema tumekuja kupanda miti. Aliwaambia vijana waketi chini, akawaambia wenyeji: tuna mikono hii, tuna majembe, tuna miche ile pale, tuna kamba na misumari, tutakuwa hapa siku chache, mnataka nini? Akanyamaza. Wazee walitazamana. Alijibu mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na kitenge cha njano, Kiswahili chake kimechanganyika na Kikumu.

"Miti iko muzuri, batoto bangu, sikatai. Lakini maji ya kuinywesha iko wapi?"

Akaendelea, bila haraka. Paa la shule lile, alisema, ni kubwa kuliko mapaa yote ya hapa, na maji yake yote yanaanguka chini yanachimba mashimo ukutani. Mfereji ulivunjika upande mmoja, tangi liko tupu. Na mikaratusi hataki ikaribie shamba lake, kwa sababu inakunywa kuliko yeye. Anachokosa ni fito. Maharagwe ya hapa ni ya kupanda juu. Bila fito hayazai. Fito zinatoka wapi? Akaelekeza kidevu upande wa hifadhi, na kila mtu akaelewa. Ni hatari kwenda kuzikata, na ni kosa, na watu wanakwenda kwa sababu maharagwe hayangoji.

Nimehudhuria sherehe nyingi za kupanda miti katika mkoa huu: fulana mpya, picha, hotuba, na baada ya miezi mitatu vijiti vikavu. Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ni urithi wa dunia tangu 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Makala yanayopikia Goma yanatoka kwa wingi ndani yake. Miradi imekuja, mingine ya maana. EcoMakala ya WWF, iliyoanza mwaka 2007, ilielewa mapema kwamba mkulima lazima apande kuni zake mwenyewe kwenye ardhi yake mwenyewe. Lakini jibu la mama yule lilikuwa na kila kitu ndani yake: maji kwanza, mti gani, mahali gani, na kwa ajili ya nini. Mpango wa Yaya ulipinduliwa ndani ya nusu saa na yeye ndiye aliyeonekana kufurahi kuliko wote.

Kazi ya mfereji ilichukua nguvu zaidi ya miche. Doria mbili zilipewa paa. Fundi wa kijiji, kijana mwenye ngazi iliyokosa vidato viwili, alikuwa bosi wao, na skauti walifanya alichosema: kunyoosha bati lililopinda kwa kuligonga juu ya gogo, kukata vipande vya waya, kufunga vishikizo. Hapo mafundo yao yalipata kazi. Mvulana ambaye nyumbani, kwa maneno ya dada yake, hafungi hata kamba za viatu, alining'iniza mfereji wa mita nne kwa fundo ambalo fundi alilivuta mara tatu, akalivuta na mara ya nne, kisha akaomba afundishwe. Mteremko waliupima kwa chupa ya maji iliyolazwa ndani ya mfereji: kiputo cha hewa kikikimbilia huku, inua kule. Tangi walilisugua kutoka ndani, wasichana wawili wembamba waliojitolea kuingia, wakipokezana, huku mwenzao mmoja ameshika mkono wa aliye ndani asiuachie. Hilo nalo lilikuwa agizo. Hakuna anayeingia ndani ya kitu chochote bila mkono wa mwenzake.

Mikaratusi ilipelekwa kwenye kipande cha ardhi ya mawe nyuma ya shule, mbali na mashamba, kwa idhini ya chifu. Migrevilea ilikwenda mipakani mwa mashamba ya wale waliotaka, wala si wote waliotaka. Kuchimba shimo Kibumba ni kubishana na jiwe. Jembe linaingia inchi tatu linalia. Unaliweka chini, unang'oa kwa mikono, unaviringisha jiwe ukutani, unaanza tena. Mashimo yalichimbwa kwa kina cha kiganja na dhiraa, yakatiwa udongo wa juu uliochanganywa na majani makavu ya maharagwe, na kila mche ukawekewa mawe mawili upande wa jua yashike umande. Mama wa kitenge cha njano alisimama juu ya kila shimo la shamba lake. Miche yake miwili aliamuru ing'olewe ipandwe upya kwa sababu ilisimama upande upande. Waliing'oa.

Jioni, lango likiwa limefungwa, ndipo michezo ilipoanza. Kambi ya skauti kwingine ingekuwa na matembezi ya usiku msituni. Hapa walifuata alama ndani ya uwanja na kandokando ya kanisa, mishale ya vijiti na mawe, msalaba wa "usipite", mistari ya mawimbi ya "maji". Mzee wa kikosi, nitakayemsimulia hivi punde, aliwaeleza kwamba duara lenye nukta katikati lina maana ya "nimerudi nyumbani", na kwamba alama hiyo imechongwa kwenye jiwe la kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, chini ya Mlima Kenya, alikofia Januari 1941. Watoto walishangaa kwamba mtu aliyeanzisha jambo hili lote na vijana ishirini hivi kwenye kisiwa cha Uingereza mwaka 1907 amezikwa huku kwetu, safari ya basi siku mbili tatu. Skauti ilifika Kongo mwaka 1924. Kwa hiyo, mmoja akapiga hesabu, babu yangu angeweza kuwa skauti. "Alikuwa," akajibu mzee. "Namjua."

Usiku ule kijana wa Buhene hakutaka kulala darasani. Alisema kwa sauti ya chini, lakini alisema: hawezi kulala chini ya paa tangu mitetemeko ya Mei. Mahali pengine ningesubiri kusikia mtu akimwambia awe mwanamume. Yaya alimuuliza tu kama anataka hema peke yake au na wenzake. Wakatoka watatu. Kabla ya kulisimamisha walizunguka na mzee kutafuta mahali, na aliwakataza bonde dogo lililokingwa upepo, zuri kwa macho. Mazuku ni zaidi huko chini, karibu na ziwa na njia ya Sake, aliwaambia, lakini mtu wa nchi hii halali shimoni popote. Gesi ile ni nzito, haina rangi, hutuama mabondeni, na mbuzi aliyekufa bila jeraha asubuhi ndiye anayekuonyesha ilipokuwa.

Mzee huyo ni mtu wa miaka arobaini na kitu, anayeitwa mzee kwa sababu ya aliyoyaona. Julai 1994, alipokuwa skauti wa miaka kumi na mitano, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, kati ya nusu milioni na 800,000, na kipindupindu kikaingia nao. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Kibumba hii tuliyolala ilikuwa kambi ya watu 200,000 hivi, bila tone la maji, malori yakipandisha maji kutoka mbali yasitoshe kamwe. Miti yote iliyokuwa karibu iliishia chini ya sufuria, na nani angewalaumu. Ardhi ilikataa makaburi; jeshi la Ufaransa ilibidi lilete mashine kuipasua. Na waliookota maiti barabarani, pamoja na askari na watu wa misaada, walikuwa skauti wa Goma, fulari zao zimefungwa puani.

Alisimulia kwa kifupi, mbele ya wakubwa wa kikosi tu, wadogo wakiwa wamekwisha kulala. Alieleza machela ya turubai na miti miwili. Alieleza walivyobeba wanne wanne, na jinsi walivyojifunza kutotazama uso. Barabara ilikuwa hii tuliyoipanda. Nilimuuliza kama anajivunia. Alikaa kimya kitambo.

"Kazi ilikuwa lazima," akasema. "Lakini tulikuwa batoto. Hakuna mutu alituuliza kama tunaweza."

Nimelifikiria neno lile kila ninapoona picha ya kijana mwenye sare akisifiwa kwa ushujaa katikati ya maafa. Sifa ile ni ya haki, na bado kuna jambo baya ndani yake: mji uliokosa watu wazima wa kutosha kubeba wafu wake ukawapa watoto. Kikosi hiki, kwa sababu ya mzee huyu, kina kanuni ambayo sijaisikia kwingine. Kila kazi ya nje hutanguliwa na maswali mawili. Wanaohudumiwa wanaulizwa wanataka nini. Wanaohudumu wanaulizwa, mmoja mmoja, pembeni, kama wanaweza, na anayesema hapana anapewa kazi nyingine bila maneno. Mei 2021, mji ulipohama, mzee aliwakataza wote walio chini ya miaka 18 kwenda kwenye lava kutafuta waliopotea. Foleni za maji, ndiyo. Kuwashika mikono watoto waliopotezana na wazazi mpaka watu wa Msalaba Mwekundu wafike, ndiyo. Kwenye lava, hapana. Baadhi ya wavulana walimkasirikia, na hasira ile bado ilikuwepo kidogo. Niliiona walipokuwa wakimsikiliza usiku ule, na niliona pia ikiyeyuka.

Mvua ilikuja tukiwa bado hapo, mvua halisi ya Kibumba, inayokufanya usisikie mwenzako. Kikosi kizima kilisimama chini ya upenu kutazama mfereji. Maji yalikimbia, yakafika pembeni, yakaanza kumwagika kwenye kiungo kimoja. Fundi na mvulana wa mafundo wakatoka mbio na kipande cha mpira wa tairi, wakakikaza, wakarudi wamelowa chepechepe. Tangi likaanza kupiga kelele ya kujaa. Akina mama walikuja na bidoni kabla mvua haijakatika, na mwalimu mkuu akaleta daftari: zamu za kaya, bidoni moja moja kwanza, wazee wapelekewe nyumbani. Skauti waliulizwa utaratibu wao wa foleni za Goma. Waliueleza. Wenyeji wakaubadilisha sehemu mbili ili ufae kwao, kisha ukaandikwa.

Kuteremka kulikuwa kwepesi. Chukudu zilijaa viazi tulivyopewa, tukashindwa kukataa.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Mei 2022 mapigano ya M23 yalifika Kibumba. Oktoba na Novemba yalirudi kwa nguvu zaidi, na kijiji kizima kiliteremka barabara ile ile kwa miguu kikaishia Kanyaruchinya, kwenye kambi za maturubai juu ya mawe. Tarehe 23 Desemba Kibumba ilikabidhiwa kwa sherehe kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata vita vikawa hapo tena, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka mikononi mwa M23. Sijui ni mikaratusi mingapi imesimama nyuma ya ile shule.

Novemba ile ya 2022 nilipanda Kanyaruchinya na kikosi, waliokubali kwenda. Yaya alikuwa amebeba daftari la zamu za maji, nakala aliyopewa na mwalimu mkuu, na kwa majina yake walizunguka wakiuliza hema kwa hema. Walizipata kaya nyingi. Mama wa kitenge cha njano alikuwa ameketi kando ya foleni ya kujiandikisha, vazi jingine sasa, mjukuu mgongoni. Msichana yule wa kufunua magunia, ambaye sasa amempita kimo, alimpa mkono wa kulia, akakunja goti, akamuuliza wafanye nini. Nilidhani atasema turubai, au unga. Alisema kuna orodha zimebandikwa kwenye ubao kule, na wasiojua kusoma hawajui kama majina yao yamo. Wanasimama siku nzima kisha wanaambiwa rudi.

Yaya akawauliza vijana, pembeni, mmoja mmoja. Wanane walikubali. Wawili walisimama kwenye ubao wakisoma majina kwa sauti, wawili wakapeleka majibu mwishoni mwa foleni, wengine wakaandika kwenye vikaratasi namba ya kila aliyepatikana ili asiulize tena. Kijana wa Buhene ndiye aliyesoma muda mrefu kuliko wote, mpaka sauti ikakauka. Kesho yake walirudi na kipaza sauti cha mkononi walichoazima parokiani, na foleni ikaenda haraka zaidi.